Uvimbe Umeshuka

Msumari ulitoka mdomoni ukiwa na utando.

Fundi aliushika kwa kidole gumba na cha shahada, akausogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Ulikuwa msumari mdogo kama mingine yote, mfupi, wa kichwa bapa, wa kupigilia vitambaa vya makochi. Ila huu ulikuwa umevaa kitu chembamba, chenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Akaunusa. Halafu akageuka haraka kuona kama mkewe ameona.

Mkewe alikuwa ameinamia cherehani, mgongo ukimwelekea mumewe, akisimulia habari za jirani yao aliyenunua tangi la maji lisilopita getini.

"Wamelizungusha wee, wamelipindua, mwisho wakaanza kubomoa ukuta," alisema. "Sasa nauliza, mtu hupimi kwanza?"

Fundi akaufuta msumari kwenye aproni, akauweka ukingoni mwa kitambaa, akaugonga mara mbili. Kikawa kiti cha kumi na tisa.

Kwa miaka thelathini mdomo ulikuwa mkono wake wa tatu. Alichota misumari kwa kiganja, akaitia shavuni kama mtu anayekula karanga, na ulimi ukafanya kazi iliyobaki: uliugeuza msumari mmoja mmoja, ukausukuma hadi midomoni, kichwa kikitangulia. Nyundo yake ilikuwa na sumaku upande mmoja. Aliisogeza mdomoni, ikaubusu msumari, ikaondoka nao. Ta-ta. Mwingine. Ta-ta. Mkono wa kushoto haukuacha kuvuta kitambaa hata mara moja. Waliopita barabarani walisikia karakana ile kama mvua inayoanza juu ya bati.

Mtu mwenye misumari ishirini mdomoni haombwi maoni, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kimya. Wateja wapya walimdhania bubu. Wengine walipaza sauti wakizungumza naye, wakidhani ni kiziwi. Mkewe ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Yeye alishona kava kwenye cherehani, mume akavivalisha viti na kuzipigilia, mgongo kwa mgongo, tangu asubuhi hadi jioni. Mwanamke alisema, mwanamume akaguna. Mguno mmoja mfupi ulikuwa ndiyo. Miwili ilikuwa hapana. Mrefu, unaopanda mwishoni kama mtu anayeinua nyusi, ulikuwa "hebu acha utani wako." Mgeni angedhani wamenuniana. Kumbe walikuwa wakipiga soga kutwa.

Jumatano ile alipouona utando, gego lake la mwisho la chini, upande wa kulia, lilikuwa na siku mbili tangu ling'olewe. Lilikuwa limemsumbua mwaka mzima. Alilitia karafuu, akalitia pamba, akalitukana kwa miguno ya kila aina. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka sita na mwenye usemi juu ya kila jambo, alikuwa amekataza kabisa. "Jino la chini haling'olewi," alisema. "Mishipa yake inakwenda machoni. Mkimng'oa, mimi simo." Lakini mke alichoka kumwona mumewe akitafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Jumatatu alimshika mkono, akampeleka.

Jino lilikatikia ndani. Daktari wa meno alilitoa vipande vitatu, jasho likimtoka. Baadaye msaidizi wake, binti wa miwani mikubwa, alimketisha Fundi kwenye benchi, akampa karatasi na pakiti mbili za dawa.

"Leo usisukutue, baba. Kuanzia kesho, maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, taratibu. Hivi vyeupe ni vya maumivu. Hivi vya rangi mbili uvimalize vyote, hata ukijisikia nafuu. Na usitie kitu mdomoni zaidi ya chakula laini."

Fundi aliguna, pamba ikiwa kati ya meno.

"Jambo jingine," binti akasema, akimtazama mke safari hii. "Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakigeuka yakaanza kupanda, msikae nayo nyumbani. Mengine yameandikwa hapo."

Fundi aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati pamoja na chaki.

Jumanne hakupumzika. Ukumbi mmoja mkubwa ulikuwa umempa viti arobaini avivalishe upya, na Jumapili kulikuwa na arusi ndani yake. Jumamosi jioni msimamizi wa ukumbi angekuja na lori. Katika miaka thelathini Fundi hakuwahi kumwambia mteja "njoo kesho." Wenzake wote walisema hivyo, yeye, walitania, hakusema kwa kuwa hakuwa akisema kitu. Basi Jumanne asubuhi alichota misumari akaitia shavu la kushoto, mbali na kidonda. Lakini misumari haijui kushoto wala kulia. Mmoja wao ulivuka ulimi, ukagusa palipong'olewa. Akahisi kitu laini kikibanduka, ladha ya damu ikaja, ikapita. Akaendelea.

Ndipo Jumatano utando ukatokea, pamoja na harufu ambayo aliijua mwenyewe tu, kila alipovuta pumzi kwa mdomo: harufu ya sponji iliyooza, ile unayokutana nayo ukipasua kochi lililokaa mvuani. Vidonge vya rangi mbili alikuwa ameshaviacha. Vilimchafua tumbo, na Jumanne maumivu yalikuwa yamepoa. Sasa yalikuwa yamerudi, lakini si yale ya mwanzo. Ya mwanzo yalikuwa ya kidonda. Haya yalikuwa na mapigo. Yalidunda kwenye taya, yakapanda sikioni, yakashuka shingoni, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba isiyo yake akijaribu milango.

Akaongeza vile vyeupe. Badala ya kimoja, viwili. Maumivu yakanyamaza. Nyundo ikaendelea.

Alhamisi shavu likavimba.

Muuza rangi wa duka la mkabala alivuka barabara akicheka, mikono imejaa madoa ya kijani. "Jirani! Umeficha ndimu shavuni au umeanza kumeza na nyundo?"

Fundi aliguna.

"Usimtanie, shemeji," mke alisema kutoka kwenye cherehani. "Anaumwa mwenzio."

"Kung'oa jino ni kama kubomoa ukuta. Vumbi lazima. Mchue na kitambaa cha moto, shemeji, siku mbili tu utaona." Akamwinamia Fundi, akapunguza sauti. "Mimi langu lilivimba hivyohivyo. Likapona lenyewe. Wewe ni mwanamume."

Mke hakuridhika. "Turudi kwa daktari, baba," alisema. "Yule binti alisema maumivu yakipanda."

Fundi aliguna mara mbili. Kisha akamwonyesha viti kwa nyundo: ishirini na saba vimekwisha, kumi na tatu bado. Akainua kidole gumba. Mke akavihesabu kwa macho, akarudi kwenye cherehani. Usiku alimkanda kwa kitambaa cha moto. Ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa.

Ijumaa homa ilimjia kwa vipindi. Alivaa sweta kwenye jua. Mke alipouliza, alimwonyesha upepo.

Jumamosi asubuhi mke alikuwa akimimina uji alipomtazama mumewe akitoka bafuni, na bakuli likakaribia kumponyoka. Shavu lilikuwa bapa. Si kama zamani kabisa, lakini ile ndimu haikuwepo tena. Mstari wa taya ulionekana.

"Baba! Uvimbe umeshuka!"

Alimgeuza uso huku na huku kwa ncha za vidole. Alicheka. Kwa siku mbili alikuwa amejiona mwenye kesi, kwa kuwa yeye ndiye aliyempeleka. Sasa kifua kilimfunguka. "Umeshuka kweli! Uji wako huu, unywe wote leo. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumjibu wifi."

Fundi akaguna mara moja, akachukua kikombe, akatangulia karakana. Huko nyuma ya rundo la sponji, akakiinamisha kikombe mdomoni. Uji uliingia nusu kijiko, ukakaa. Alijaribu kuumeza. Koo lilikataa. Ulitoka pembeni mwa midomo, ukafuatwa na mate mengi, mazito. Akautema kwenye kitambaa kibovu. Kilichobaki akakimwaga mtaroni.

Mke alimpasia habari muuza rangi tangu ng'ambo ya barabara. "Shemeji! Uvimbe umeshuka!"

"Si nilisema!" naye akajibu, akipunga brashi.

Saa nne, saa tano. Cherehani ilikwenda. Mke alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa ya maneno mengi. Alisimulia habari za binti yao aliyeolewa mbali, za mjukuu aliyeota meno mawili ya juu kabla ya ya chini, na jinsi ndugu za mumewe walivyoliona hilo kuwa jambo la ajabu. "Mtoto ameota meno, badala ya kufurahi wanahesabu yameanzia wapi. Eti baba?"

Mguno ulikuja. Akaendelea kushona. Mshono wa inchi tatu ulipita chini ya sindano kabla sauti ile haijamfika vizuri.

Haukuwa mguno aliouzoea. Haukuwa ndiyo, wala hapana, wala acha utani. Ulikuwa umeziba, kama mtu aliyebugia kiazi cha moto, hawezi kukimeza, hawezi kukitema. Na hapo akasikia jambo la pili, ambalo lilikuwepo tangu asubuhi na furaha yake ililifunika. Nyundo. Ta-ta. Kisha kimya kirefu. Ta-ta. Kisha kimya kirefu zaidi. Mvua ya juu ya bati ilikuwa imekatika. Yalikuwa yamebaki matone ya mwishomwisho kwenye ukingo wa paa.

Akatoa mguu kwenye pedali. Akageuka.

Mumewe alikuwa ameketi akimalizia kiti cha thelathini na nne, mgongo umeinama, kidevu kimenyooshwa mbele kama mtu anayechungulia kisimani. Kopo la misumari lilikuwa mezani, limejaa hadi juu. Alikuwa akipeleka msumari kutoka koponi hadi kitini kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja.

Alikuwa ananyamaza na mdomo mtupu.

"Baba," mke alisema. "Nitazame."

Akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, na kitambaa alichokibana chini ya mdomo kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Fungua mdomo."

Akaguna mara mbili.

"Sikuulizi. Fungua."

Mdomo ulifunguka kidogo, ukagoma. Mke aliupeleka mkono wake. Kidole kimoja hakikupita kati ya meno. Kwenye mwanya ule aliuona ulimi, na haukuwa mahali pake. Ulikuwa umenyanyuliwa juu, umebandikwa karibu na kaakaa, kama zulia lililoinuliwa na maji yanayopanda kutoka chini ya sakafu. Harufu ikampiga usoni. Hakukunja uso. Akashusha mkono, akakiweka kidole gumba chini ya kidevu cha mumewe, akabonyeza.

Alikuwa amebonyeza viti maisha yake yote. Alijua sponji iliyochoka na sponji mpya, alijua pamba iliyojazwa na mvivu na pamba iliyojazwa na mwenye pupa. Kidole chake kilitegemea kuzama hata kidogo. Hakikuzama. Kuanzia sikio moja hadi jingine, chini ya taya yote, pale ambapo mwili wa mtu unapaswa kuwa laini, palikuwa pagumu kama ubao. Na pamoto.

"Kweli umeshuka," alisema polepole. "Umeshuka huku chini."

Alichomoa karatasi kwenye mfuko wa shati la mumewe. Ilikuwa imetapakaa unga wa chaki. Aliisoma kwa sauti, akaruka mistari, akarudi. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu. Ladha mbaya, usaha, homa. Mdomo kutofunguka. Hapo akaisogeza karatasi machoni, kwa kuwa mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa kalamu na yule binti wa miwani kwa mkono wake mwenyewe: *Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri kesho.*

"Siku ya ngapi hii hujameza?"

Fundi alichukua chaki. Kwenye kitambaa cheusi cha kiti, akaandika: BADO SITA.

"Viti sita?" Sauti yake ilipanda. "Viti vikaliwe na nani? Na wageni watakaokuja kukuzika?"

Akaandika tena, herufi zikipinda: JIONI LORI.

"Lori lije likute mlango umefungwa. Simama."

Hakusimama. Alikuwa ameishika chaki kama mtu aliyebakiwa na neno moja na hajui alitumie wapi. Kifua kilipanda na kushuka kwa haraka, na kila pumzi ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha mbali. Mwishowe akaandika, taratibu, ukingoni mwa kitambaa: DADA ATASEMA NI WEWE.

Mke aliyasoma maneno yale. Siku tano mumewe alikuwa akiulizwa hali, akiinua kidole gumba. Siku tano alikuwa ameubeba ule moto kinywani ili asimchome mwingine. Mke alitaka kulia na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimvua mumewe aproni kwa kuipitisha kichwani, kwa uangalifu, asimguse shingo.

"Acha aseme," alisema. "Nitamsikiliza vizuri sana, na wewe utakuwa umekaa pembeni unamsikiliza. Simama, baba."

Akasimama.

Muuza rangi hakuuliza kitu. Alipomwona jirani yake akivuka barabara ameinama, uzi wa mate ukining'inia kidevuni, kicheko kilimwisha usoni. Alishusha madebe kwenye gari lake la mizigo kwa mikono miwili, mengine yakabingirika, na hakuyaokota.

"Mlaze huku nyuma, shemeji, kuna turubai."

Walimlaza. Mara moja Fundi akakurupuka, mikono ikipapasa hewa, uso ukiwa wa kijivu. Walimkalisha. Pumzi ikarudi, ikiwa na ile sauti ya kiti kinachoburutwa.

Kliniki ya meno ilikuwa karibu, kwa hiyo walianzia huko. Binti wa miwani alikuwa nje akifunga mlango, ufunguo mkononi. Jumamosi walifanya kazi nusu siku. Alimwona Fundi nyuma ya gari. Hakumwambia afungue mdomo. Aliutazama ule mkao, kidevu mbele, viganja magotini, na kile kitambaa kilicholowa.

"Baba, unaweza kumeza mate yako?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Shavu lilikuwa limepona," mke alisema. "Asubuhi uvimbe ulishuka, nikafikiri—"

"Msimlaze," binti alisema. Alikuwa tayari ameshapanda, mkoba begani, mlango wa kliniki nyuma yake umefungwa kitasa kimoja badala ya viwili. "Hospitali kubwa. Endesha. Mimi nawapigia simu wajiandae."

Njiani hakuna aliyezungumza ila yeye, simuni, kwa maneno mafupi. Muuza rangi alipiga honi katika kila kona. Mke alimkumbatia mumewe kwa nyuma, kama wanavyokaa kazini, ila sasa kifua chake kilikuwa mgongoni mwa mumewe, na alizihesabu pumzi bila kutaka.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini. Aligusa shingo ya Fundi sehemu tatu tu. Kisha alizungumza na wauguzi, na wauguzi wakaanza kutembea haraka bila kukimbia, jambo lililomtisha mke kuliko kama wangekimbia.

"Mama, wewe ni mkewe? Sikiliza. Jino limeacha uchafu, uchafu umeingia ndani ya nyama. Ulikuwa shavuni. Sasa umekwenda chini ya ulimi, pande zote mbili, na unakandamiza njia ya hewa."

"Nilidhani umeshuka."

"Haukupungua. Ulihama." Daktari alisema hivyo bila ukali. "Tunataka kupasua chini ya taya ili usaha upate pa kutokea. Lakini kabla ya hapo lazima apumue, na kwa mdomo hatutaweza kupitisha mpira. Tutatoboa hapa." Alijigusa shingo yake mwenyewe, juu kidogo ya kifua. "Akiwa macho. Amekaa. Namhitaji atulie."

"Atatulia," mke alisema. "Huyo ni kutulia tu anajua."

Walipomsukuma kuingia, Fundi aligeuza macho tu, kwa kuwa shingo ilikuwa haigeuki. Mke alimfuata mpaka kizingitini. Milango miwili ilifungwa, ikafunguka kidogo kwa mshindo wake yenyewe, ikafungwa tena.

Kwa muda wa saa mbili na nusu walikaa kwenye benchi: mke, muuza rangi na yule binti. Muuza rangi alikwangua rangi ya kijani iliyokauka kwenye kucha zake mpaka kidole kikatoka damu.

"Nilimwambia ni mwanamume," alisema, mara moja tu.

Msimamizi wa ukumbi alikuja na lori jioni ileile, akamkuta muuza rangi aliyerudi kufunga duka. Alipakia viti thelathini na vinne. Alipoambiwa habari, alivua kofia, akaishika mkononi, akauliza kama anaweza kuacha ujumbe. Kisha akaona kuwa hakuwa na ujumbe, akapanda lori.

Dada mtu alifika kesho yake. Alisikika tangu mwanzo wa korido. Aliusukuma mlango wa wodi akiwa ameshafungua mdomo, kidole kimoja kimeinuliwa. Halafu akamwona kaka yake mdogo: bomba limetoka shingoni, bandeji nene chini ya taya, na kutoka kwenye bandeji vimpira viwili vikidondosha maji ya rangi ya kutu kwenye mfuko. Kila pumzi ilipita kwenye bomba kwa mluzi mwembamba. Uso wake ulikuwa umevimba, haukufanana na mtu wa ukoo wowote.

Kidole kikashuka.

"Nilisema," alianza. "Mimi nilisema jino la chini—"

"Jino halina kosa, wifi," mke alisema. Alikuwa hajalala, na sauti yake ilikuwa kama ya Kimya mwenyewe, ya mtu anayetoa neno moja moja. "Daktari kasema lingebaki lingemfikisha hapahapa. Kosa ni hizi siku. Na siku hizo mimi nilikuwepo. Niliona shavu limekuwa dogo, nikashangilia. Kama unataka kusema, nisemee hilo."

Dada alibaki amesimama na mkoba wake. Macho yake yalikwenda kwa mgonjwa, yakarudi kwa mke, yakaona mkono wa mke ulioshika ukingo wa kitanda. Akavuta kiti. Akakaa.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Nenda ukale. Namwangalia."

Homa ilipanda siku ya pili, ikashuka, ikapanda tena ya tatu. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakampasua upande wa pili. Daktari hakuahidi. Kila asubuhi alijaribu kuweka vidole vyake kati ya meno ya Fundi, na kila asubuhi aliwaambia idadi: nusu kidole, kimoja, kimoja na nusu. Mke na dada waliipokea idadi ile bila kutazamana. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha pembeni, kijana aliyekuwa akicheka sana, alihamishwa asubuhi na kitanda chake kikatandikwa shuka mpya, na hawakuuliza amehamishiwa wapi.

Siku ya kumi daktari alilichomoa bomba shingoni, akafunika tundu kwa kitambaa kidogo cheupe. Mluzi ukaisha. Wodi ikawa na ukimya ambao mke hakuujua, akabaki akiutegea sikio.

Mchana muuguzi alikuja na glasi. Ndani kulikuwa na maji, kiasi cha kufunika kitako chake.

"Mzee, leo tunajaribu. Funda moja dogo. Ukikohoa, si kitu, tutajaribu kesho." Akawageukia wale wanawake wawili. "Yakienda njia siyo, tutajua mara moja."

Dada alisogea upande wa ukutani. Mke alimwinua mumewe kwa mto wa pili, akampangusa midomo. Fundi aliichukua glasi mwenyewe. Maji yaligonga kioo pembeni, lakini hakuruhusu mtu amsaidie. Akanywa.

Hakumeza. Aliyashika maji mdomoni, midomo imefungwa, macho yamenyooka kwenye feni iliyozunguka darini. Muuguzi alishikilia taulo. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia changarawe, akasimama, akaendelea. Mke na dada, bila kujua, walikuwa wameshikana mikono juu ya blanketi, na pamoja na muuguzi waliitazama shingo yake, pale chini ya bandeji, wakingoja isogee.